Amezidi kwa Siku Mbili

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Naftaly amemtoa Wavinya kwenye timu. Mbele ya watu. Angeniita kando, angenipigia simu — wapi. Alingoja wasichana wote wakae chini wanywe maji, sisi wazazi tumejipanga kando ya ukuta, ndipo akasoma majina ya watakaocheza Kombe la Likizo. Akamaliza. Jina la mtoto wangu halimo. Wavinya akainua mkono kama yuko darasani, akasema kocha, umeniruka. Naftaly akacheka. Akasema hajamruka, ni umri. Kombe ni la wasichana waliokuwa chini ya miaka kumi na tatu mwaka jana ukiisha, waliozaliwa kuanzia Januari mosi 2012, na yeye ni wa Desemba 30.

"Umezidi kwa siku mbili, shosho. Nenda ukalee wajukuu."

Wazazi wakacheka. Wengine hao nawasuka kila mwezi, na walicheka.

Siku mbili. Naikumbuka ile leba. Nesi aliniambia mama sukuma, na mimi mjinga nikasukuma. Ningejua, ningebana miguu mpaka watu wamalize kupiga fataki za mwaka mpya.

Sheria siikatai. Rispa, tunayefanya naye kazi saluni, aliniambia tangu Juni kwamba kuna watu wa kurekebisha tarehe. Nikakataa. Nikamwambia mtoto wangu hataanza maisha na uongo. Kinachoniuma ni kwamba huyu mwanamume alijua. Alipochukua timu Januari, baada ya kocha wetu wa zamani kwenda Qatar kutafuta kazi, mimi mwenyewe nilimwambia Wavinya alizaliwa lini. Akamchezesha ligi yote, kwa sababu ligi haina anayeuliza umri. Mabao yote yale! Akanyamaza kimya mpaka likabaki kombe lenyewe. Na kwenye kombe ndiko ile shule ya bweni inakuja kuchagua wasichana watano, isomeshe bure mpaka wamalize sekondari. Wavinya ameiota hiyo shule tangu mwaka jana. Mimi pia. Mimi na mume wangu Kimeu hatuna karo ya bweni, hata tukiuza kitanda.

Na jezi yake, namba tisa, Naftaly amempa binti yake mwenyewe. Eve. Yule mrefu mwenye kipara.

Wavinya hakulia. Amefika nyumbani, ameosha viatu vya mpira, ameanika dirishani, amelala saa moja jioni bila kula. Afadhali angelia.

Huyu mtu atanitambua.


Jumapili, 3 Agosti

Kanisani mchungaji amehubiri kusamehe. Saba mara sabini. Nilikaa kwenye benchi nikimwangalia Naftaly kisogo, amevaa suti ya kijivu, anaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Nikamwomba Mungu ampe maumivu ya jino. Jino la nyuma, lile lisilong'oleka upesi.

Kimeu amepiga simu akiwa Mtito Andei na lori. Nimemweleza. Kasema, Nthoki, achana nao, Mungu atalipa. Nimemwambia Mungu ana kazi nyingi, hii nitamsaidia. Akacheka, akadhani ni mzaha.


Jumatano, 6 Agosti

Nimemwachia Rispa saluni nikaenda kuangalia mechi ya kwanza. Nilijiambia naenda sokoni kununua nywele za kusukia. Uongo. Nilienda nione wakifungwa.

Hawakufungwa. Huyo Eve amefunga matatu. Yaani msichana anaruka, anakinga mpira kwa mgongo, mabeki wa timu ile nyingine wanamwangukia wanadondoka kama kunguni. Mama mmoja karibu nami kasema huyu anacheza kama mtu aliye na kitambulisho. Tukacheka. Lakini mimi nilicheka nikifikiria.

Naftaly anapiga kelele mechi nzima. Wale wengine anawaita kwa majina — wewe Lorine, rudi nyuma, wewe sijui nani, panda. Lakini binti yake akipata mpira anapagawa. "Maitu! Maitu, piga!" Basi. Kila mara ni Maitu. Sikutilia maanani. Wakikuyu ndio hao, na mapenzi yao kwa mabinti.

Nyuma ya goli kulikuwa na yule bintiye mdogo, anayebeba maji ya timu. Wanamwita Kadogo. Kana miaka kumi na moja hivi, kembamba, macho makubwa. Kalikuwa kamepanga chupa za maji kwa mstari, kanazipiga chenga peke yake na mpira wa karatasi za plastiki. Mguu wa kushoto. Wavinya kumbe naye alikuwa amekuja kisirisiri, nikamwona akiingia kule nyuma, wakaanza kucheza wawili. Tangu Jumamosi sikuwa nimemwona akicheka.

Nikamuuliza njiani kwa nini hako katoto hakachezi kwa timu, na kanajua hivyo. Akaniambia Kadogo hukatazwa. Baba yake amesema bado hajafika umri. Nikamwambia kwani kuna umri wa kuwa mdogo mno? Mbona Lorine ana miaka kumi? Wavinya akainua mabega.


Ijumaa, 8 Agosti

Leo. Leo! Acha niandike pole pole.

Teresiah, mkewe Naftaly, amekuja saluni na wasichana wote wawili. Yeye sina neno naye. Ni mteja wangu tangu Februari, alipokuja nimsuke matuta ya haraka akienda Othaya kumzika mama yake. Alilia kwenye kiti changu siku ile, akinihadithia mambo ya huyo marehemu. Wanja. Mama Wanja hivi, mama Wanja vile. Nilimwekea chai.

Leo ametaka Kadogo asukwe. Yule mkubwa amekaa kwenye stuli, kipara chake kinang'aa, anaangalia vidole vyangu. Habandui macho. Nikamwuliza, na wewe, nikusuke lini? Akasema baba amekataa, amesema nywele zitamfanya aonekane mzee. Teresiah akamkata jicho. Msichana akachukua kipande cha nywele za bandia kilichoanguka sakafuni akakifunga kwenye kidole, akakifungua, akakifunga. Mtoto wa miaka kumi na mbili hatamani hivyo. Huyo ni msichana mzima anayetaka kupendeza.

Kadogo akaanza kujinyonganyonga, nilikuwa nimevuta sana kwa kisogo. Teresiah akamshika mikono akamwambia, "Vumilia, Maitu. Vumilia kidogo."

Maitu.

Nikaacha kusuka. Rispa akaniuliza nimejidunga?

Maana kwetu Ukambani tunasema mwaitu, na wao wanasema maitu. Ni mama yangu. Na Wakikuyu hawapeani majina ovyo. Msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba. Wa pili, la mama ya mama. Ndiyo maana baba anamwita binti wa kwanza mama yangu, na mama anamwita wa pili mama yangu. Kila mtu mtaani anajua hili, ni kama kujua jua linatoka wapi.

Sasa. Naftaly anamwita nani Maitu? Huyu mrefu. Basi huyu mrefu ana jina la mama ya Naftaly. Teresiah anamwita nani Maitu? Kadogo. Basi Kadogo ndiye aliye na jina la yule marehemu wa Othaya. Wanja.

Na Jumamosi nilisikia kwa masikio yangu Naftaly akisoma majina. Namba tisa: Eve Wanja.

Namba tisa si Eve Wanja. Eve Wanja nilikuwa nimemshika kichwa.

Nilimaliza kusuka. Nilimsuka vizuri kuliko nilivyowahi kumsuka mtu. Teresiah akasema Mama Wavinya, mkono wako una baraka.


Jumapili, 10 Agosti

Nilitaka kuhakikisha. Baada ya kanisa nikamwambia Wavinya amlete Kadogo wale chapati. Nikakaanga zile laini, na ndengu. Wavinya alipotoka kuteka maji nikamuuliza taratibu, eti Kadogo, jina lako la kanisa ni nani?

Akaangalia mlango. Kisha akaniangalia. Akasema, nikiwa nje mimi ni Kadogo.

Na ndani?

Ndani pia.

Nikamwongeza chapati. Nikasema ni jina zuri, Eve, hata mimi nilitaka kumwita Wavinya hivyo. Akatabasamu, hakuweza kujizuia. Kisha yote yakamwagika. Dada yake ni Kate. Ana miaka kumi na tano. Kule Kariobangi walikokuwa wakiishi alikuwa ashamaliza darasa la sita, akarudishwa darasa tena hapa mtaani Jericho, kwa sababu baba alisema akicheza na wadogo ataonekana na atapata shule. Naye Eve mwenyewe alifundishwa asiitike. Baba alikuwa anasimama nyuma yake ndani ya nyumba anaita "Eve!" Akigeuka, anaambiwa wamerudia tena. Walifanya hivyo Januari yote.

"Siku hizi sigeuki," akaniambia. Kwa fahari kabisa, kama mtoto aliyejua kuhesabu.

Nikamuuliza, na wewe utacheza lini? Akasema baba amesema Kate akipata shule atarudishiwa jina.

Nilienda jikoni nikashika sinki. Nilikuwa na hasira mpaka mate yakawa machungu. Mtoto wangu ametupwa nje kwa siku mbili, za kweli, na huyu mzee wa kanisa amezika miaka miwili mizima, tena juu ya kichwa cha mtoto wake mwingine. Akamwita wangu shosho. Wangu!

Za mwizi arobaini.


Jumanne, 12 Agosti

Wameshinda tena. Wako nusu fainali. Rispa anasema niende kwa Mulongo, mwenyekiti wa kombe, nimnong'oneze. Ni mtu mzuri, mwalimu mstaafu, atamwita Naftaly faraghani, msichana atolewe, mambo yaishe. Kimeu naye ameniambia hivyo hivyo kwa simu. Nenda polepole, kuna watoto hapo.

Faragha? Wavinya wangu alipewa faragha?

Nilikuwa bado naliwaza hilo, Naftaly akapita mbele ya saluni, ametoka Kariobangi kwenye kazi yake ya kuchomelea mageti, macho mekundu kwa moto. Akasimama. Akaniamkia vizuri. Akasema Mama Wavinya, najua ulikasirika, lakini utanielewa. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Nikamwambia ni kweli, kocha. Mbele na nyuma.

Akaniambia Mungu akubariki. Hivyo. Na akaenda zake.

Kwa Mulongo siendi. Nilikuwa nusu niende, kusema ukweli. Sasa siendi ng'o.


Alhamisi, 14 Agosti

Jana wameshinda na nusu fainali, sasa fainali ni Jumamosi. Nimejua nitakavyofanya.

Mulongo ana desturi yake. Kabla ya mechi kubwa anawapanga wasichana kwa mstari mbele ya watu wote, anaita jina moja moja. Anayeitwa anapiga hatua mbele, anasema "niko", anataja tarehe aliyozaliwa. Anapenda sana hiyo shughuli, anatumia na kipaza sauti. Watu wa ile shule wanakuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, mbele kabisa.

Basi ataita Eve Wanja. Na Eve Wanja ataitika. Ni hilo tu. Mimi sitasema neno. Sitamshtaki mtu. Nani atanilaumu kwa mtoto kuitikia jina lake?

Teresiah atakuwa sokoni Majengo na mitumba yake siku hiyo. Nimempigia, nikamwambia nitamsuka Kadogo upya bure asubuhi, ashangilie dada yake akiwa amependeza. Teresiah akanishukuru mpaka nikaona aibu. Akasema wewe una roho safi, baada ya yale ya Wavinya wengine wangenuna.

Nikakata simu haraka.

Wavinya amenisikia. Ameniuliza napanga nini. Nimemweleza, nikidhani atafurahi. Uso ulibadilika. "Aki mathe, usifanye hivyo. Si Kate aliyenitoa." Nikamwambia si Kate, ni baba yake. "Basi msumbue baba yake." Nikamwambia ndiye ninayemsumbua. Akasema, na wenzangu? Wakitolewa wote? Lorine hajadanganya mtu.

Nikamwambia wewe ni mtoto, nenda ukalale. Ilikuwa bado mchana.


Ijumaa, 15 Agosti

Wateja wengi, kila mtu anataka kupendeza kwa fainali. Vidole vinauma. Sijabadilisha nia. Naandika tu ili nikumbuke kwamba nilikuwa na siku nzima ya kubadilisha.


Jumamosi, 16 Agosti

Nimefanya.

Nilimsuka asubuhi, mistari midogo ya kwenda nyuma, na shanga nyeupe mwishoni. Nikamwazima fulana ya Wavinya ya zamani. Nikamwambia, leo Mzee Mulongo akiita jina lako, itika. Akaniuliza, jina lipi? Nikasema la kweli. Akauliza, baba amesema? Na mimi — naandika kama ilivyokuwa — mimi nikamwambia baba atafurahi.

Uwanja ulijaa. Watu wamepanda hadi juu ya ukuta. Watu wa shule wamekaa kwenye viti vyao, mama mmoja mwenye miwani na mwanamume mwenye kofia. Nilisimama mbele kwenye kamba, Eve mbele yangu, mikono yangu mabegani mwake. Wavinya alikataa kusimama na sisi. Alikuwa upande ule mwingine, namwona.

Mulongo akaanza. Wasichana wanapiga hatua, wanataja tarehe, watu wanapiga makofi. Namba nane akapita. Naftaly amekunja mikono kifuani, amevaa kofia mpya. Nilimwangalia yeye tu.

"Namba tisa, Eve Wanja!"

Kate akapiga hatua. "Niko."

Chini ya mikono yangu, kimya. Mtoto hakutikisika hata kidogo. Alikuwa anaangalia mbele kana kwamba hajaitwa. Amefundishwa vizuri, jamani. Nikadhani imeniponyoka. Kate ameanza kutaja tarehe — tarehe ya mdogo wake — nikambonyeza Eve bega. Nikainama nikamwambia sikioni, ni wewe. Itika.

"Niko!"

Sauti ndogo lakini ilisikika. Watu wakacheka, wakidhani ni mchezo. Mulongo naye akacheka, akauliza kwenye kipaza sauti, Eve Wanja wako wawili? Na huyu mdogo, kwa sababu ameulizwa na mtu mzima, akataja tarehe yake. Siku, mwezi, mwaka. Ile ile aliyokuwa anaitaja Kate. Wakaimaliza pamoja.

Kicheko kikaisha.

Kate aligeuka akamwona mdogo wake. Hakukasirika. Aliketi tu chini, pale pale kwenye mstari, akafunika kipara chake kwa mikono.

Mulongo akazima kipaza sauti, lakini tuliokuwa karibu tulisikia. Akamuuliza Naftaly, kocha, huyu mdogo ni nani? Nikasogea, nilitaka nione uso wake vizuri. Nilikuwa nimengoja uso huo wiki mbili. Nao ulikuwa kama nilivyoutaka — umepauka, mdomo unacheza, jasho. Akamwangalia Eve. Akaangalia watu wa shule. Akasema:

"Simjui. Ni mtoto wa jirani."

Eve alikuwa hapo. Kati yao hakukuwa na umbali wa kitanda.

Mulongo si mjinga. Nusu ya kanisa letu ilikuwa pale, na tayari mama mmoja alikuwa anapaza sauti, Naftaly, mtoto wako huyo unamkanaje? Timu imetolewa. Kombe wamepewa wapinzani wao wa Kariobangi bila kupiga mpira. Mama wa miwani amefunga faili lake akasema hatachagua msichana yeyote kutoka timu hii, hata kama wengine ni wasafi, hawezi kujua. Jumatatu Naftaly anaitwa mbele ya kamati. Lorine alilia mpaka akatapika. Wasichana kumi na tano wanalia kwa wakati mmoja, hiyo sauti sikuwahi kuisikia.

Na nilifurahi. Acha niseme. Nilipomwona akivua ile kofia mpya, nilitaka kupiga vigelegele. Moyo uliimba. Ilidumu mpaka nilipotaka kumshika Eve mkono nikakuta hayuko, amekimbilia kwa Wavinya, amemshika fulana kwa mikono miwili. Wavinya akanipita naye bila kuniangalia.

Jioni nilimpigia Teresiah. Alikuwa analia. Aliniambia wacha mtoto alale kwako, Naftaly amewaka, hataki kumwona, na Kate amejifungia chumbani. Hakuniuliza chochote. Hakuniita Mama Wavinya.

Wavinya hajala. Ameniuliza jambo moja tu. "Alitaka kuitika, ama ulimwambia aitike?"


Jumapili, 17 Agosti

Kanisa sikuenda. Rispa anasema habari zimefika mpaka Majengo. Wengine wananisifu, wanasema nimemwonyesha kilichomtoa kanga manyoya. Wengine wanasema nilimtumia mtoto wa mtu. Nimemwambia Rispa waseme. Kisha nikakata simu nikaosha nyumba yote, hata mahali pasipo uchafu.

Kimeu amepiga. Nilimweleza. Akauliza, huyo mtoto yuko wapi sasa? Nikasema yuko hapa, anakunywa uji. Akasema, basi ana bahati ana mahali. Sijui alimaanisha nini. Najua alimaanisha nini.

Eve hasumbui. Ameamka akatandika kitanda. Amefua fulana ya Wavinya. Mchana nilimsikia akimuuliza Wavinya kama sasa, maadamu Kate hatacheza tena, jina amerudishiwa ama bado. Wavinya akamwambia amerudishiwa. Akasema, lakini baba hajasema.

Nilimwita Eve mara mbili aje ale. Mara zote mbili Wavinya ndiye alimgusa, ndipo akaja.

Sasa ni saa kumi. Naftaly yuko mlangoni. Nimemchungulia dirishani, peke yake, hana kofia. Nimefunga komeo. Nimekaa na daftari hili makusudi kabisa. Agonge. Alinifanya nisimame kando ya ukuta nikichekwa, acha na yeye asimame, majirani wote wako nje wanaanua nguo, wamtazame.

Anagonga kwa kiganja, si kwa ngumi. Hodi, Mama Wavinya. Nimekuja kwa amani. Nataka mtoto wangu.

Nimemjibu kutoka hapa mezani. Mtoto yupi? Jana ulisema ni wa jirani, na jirani ndiye mimi.

Nilidhani neno hilo litakuwa tamu zaidi. Nililiandaa tangu asubuhi.

Sauti yake imebadilika. Hazungumzi na mimi tena. Anaita, "Eve. Eve, ni baba. Njoo twende nyumbani." Anaita tena. Analia, huyu mwanamume, nasikia anavyovuta pua. Majirani wameacha nguo kambani.

Eve amekaa mbele yangu, mlango uko nyuma ya mgongo wake. Kikombe mkononi. Hageuki. Shingo imekaza, shanga hazitikisiki. Nimeona midomo yake inasogea, nikainama nimsikie.

"Mama Wavinya," ananiuliza polepole, "hii nayo niitike?"

Wavinya ameacha vyombo kwenye karai. Anangoja nitakachosema.